Nyoka Amezeeka au Anaumwa? Dalili na Visababishi kwa Wafugaji wa Mtwara na Lindi

"Nyoka wangu amezeeka, sasa anakufa." Hivyo ndivyo wafugaji wengi wanavyoanza wakinipigia simu, iwe Mikindani, Masasi au Lindi mjini. Nikiuliza ana miaka mingapi, najibiwa kwa urefu: "Ana mita tatu." Urefu si umri. Nyoka hukua kulingana na anachokula. Chatu anayelishwa kuku kila wiki hufika mita tatu angali kijana, na yule aliyekamatwa amekonda kwenye mashamba ya korosho huweza kuwa mkubwa kiumri kuliko umbo lake linavyoonyesha. Gamba la nyoka halina pete za kuhesabu kama gogo la mti.

Kwa makadirio ya jumla, chatu anayetunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30. Nyoka wa nyumba, yule wa kahawia anayekula panya, hufika 10 hadi 15. Wapo wanaopita hapo kwa mbali: mwaka 2020, kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani, jike wa chatu mdogo wa Afrika Magharibi alitaga mayai akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60, tena bila kukaa na dume kwa miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo mtu akiniambia chatu wake wa miaka minane "amezeeka" mwezi wa Julai, swali langu la kwanza ni kama ana kipimajoto.

Uzee wa nyoka huja polepole sana, kwa miezi na miaka. Kilichoanza wiki iliyopita si uzee. Ndiyo maana katika dalili nyingi hapa chini nimeuweka mwishoni au karibu na mwisho.

Uwe na vitu vitatu kabla ya kuendelea: kipimajoto cha ndani ya kizimba, mizani, na daftari. Nyoka mdogo mpime kwa mizani ya jikoni akiwa ndani ya kopo lenye mfuniko. Chatu mtie kwenye salfeti, funga mdomo wa salfeti, tundika kwenye mizani ya kuning'iniza, kisha toa uzito wa salfeti. Fanya hivyo kila mwezi. Chatu anayezidi mita mbili na nusu hashikwi na mtu mmoja, hata kama ni mzee, hata kama ni mpole, hata kama "ananijua".

Hali chakula

Hili ndilo linaloongoza, na mara nyingi kisababishi ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi inavuma, usiku wa pwani unapoa, na kule juu Newala kunapoa zaidi. Nyoka hajitengenezei joto mwilini; akipoa, tumbo lake halisagi chakula na mwenyewe analijua hilo, kwa hiyo anakataa. Pima upande wa joto wa kizimba: kwa chatu uwe nyuzi 30 hadi 32, na upande wa kujipoza 25 hadi 27. Sakafu ya saruji ni mwizi wa joto. Inua kizimba, weka ubao chini, zuia upepo wa dirisha la kusini. Balbu iwekwe nje ya wavu, maana nyoka huikumbatia mpaka ngozi inaungua bila yeye kuondoka.

Kama joto liko sawa, mtazame macho. Yakiwa ya buluu iliyofifia na gamba limepauka, anakaribia kujivua. Mwache. Atakula akimaliza.

Kama ni chatu jike aliyekomaa, kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Chatu wa huku kwetu kusini, jike, akibeba mayai na baadaye kuyaatamia anaweza kukaa karibu nusu mwaka bila kula. Wakati huo rangi yake hugeuka kuwa nyeusi ili anase joto la jua vizuri zaidi, na uzito unashuka sana. Ukimkuta hivyo, mweusi, mkondefu, hali, utaapa kwamba anakufa. Hafi, analea. Niliwahi kumpeleka jike wa namna hiyo kwa daktari wa mifugo ndani ya pikapu, safari nzima nikijilaumu, kumbe nilikuwa nimemsumbua mzazi. Siku ya tisa baadaye alitaga.

Baada ya hapo angalia utitiri: vidoa vyeusi vidogo vinavyotembea kwenye mikunjo ya kidevu na pembeni mwa jicho, au vilivyozama kwenye maji ya kunywa. Nyoka anayeshinda ndani ya beseni la maji mara nyingi anawakimbia hao. Kisha fungua mdomo taratibu, ukiwa na msaidizi. Ufizi mwekundu, usaha mzito kama jibini au harufu mbaya ni maambukizi ya kinywa, na hayo hayasubiri.

Uzee unakujaje hapa? Nyoka mzee haachi kula ghafla. Anaanza kukosea shabaha. Anachukua panya mdogo na kumwacha mkubwa. Aliyekuwa anakula kila wiki tatu anasogea hadi tano, halafu saba. Mpe windo dogo zaidi, lililokwisha kuuawa, lililopashwa moto kidogo kwenye maji ya uvuguvugu. Usimwekee mzee panya hai na kwenda kulala. Panya akikosa kuliwa, yeye ndiye atakayekula: nimeona mgongo wa nyoka wa nyumba umetafunwa mpaka pingili zinaonekana.

Simama, mwite daktari: uzito umeshuka kwa asilimia 10 au zaidi na huyo si jike mwenye mayai; au mdomoni mna usaha.

Mgongo umechongoka kama paa la nyumba

Nyoka mwenye afya, ukimkata kwa mawazo, ni duara au mkate ulioumuka. Anayekonda anakuwa pembetatu, uti wa mgongo juu, mbavu zinahesabika.

Kama anakula vizuri na bado anakonda, fikiria minyoo kwanza, hasa kwa nyoka aliyetoka porini au anayelishwa panya wa kunasa na vyura. Peleka kinyesi kibichi, kisichozidi siku moja, kwa daktari wa mifugo akipime. Hapa nina ugomvi na tabia moja iliyoenea: mtu anakwenda duka la dawa za mifugo, ananunua ivamektini ya ng'ombe, anakisia kipimo kwa macho, anadunga. Dozi ya mnyama wa kilo 300 haigawanywi kwa kukisia ili itoshe mnyama wa kilo tatu.

Kama hana minyoo, tazama mkojo wake. Nyoka hutoa urea, taka ya mkojo kama wetu, kidogo sana. Taka yake hutoka kama chokaa nyeupe. Chokaa ikiwa ngumu kama jiwe, ya njano au kijani, au haionekani kabisa kwa wiki nyingi, figo zinashukiwa. Figo ni mojawapo ya viungo vinavyowaangusha nyoka wengi wazee. Zikishindwa, chumvi za mkojo hujikusanya kwenye viungo na kuzunguka moyo, ugonjwa uleule binadamu tunaouita jongo. Maji safi ya kuogea kila siku husaidia, kwa maana nyoka mzee husahau kunywa mpaka awe ndani ya maji.

Na hapa ndipo onyo langu kubwa kuliko yote lilipo. Usimdunge nyoka gentamisini uliyonunua dukani. Dawa hiyo inaharibu figo, na kwa nyoka aliyepungukiwa maji inaweza kummaliza. Wengi wanaoniambia "alizeeka akafa" wameitaja sindano hiyo katikati ya maelezo, kwa kupita tu, kama mtu anayetaja aina ya shuka.

Uzee wenyewe hupunguza nyama za mgongo taratibu, hasa theluthi ya nyuma ya mwili, huku nyoka akiendelea kunywa, kutembea na kujivua. Kukonda kwa namna hiyo kunaonekana kwenye daftari la mwaka mzima.

Gamba linatoka vipandevipande, macho yana ukungu

Neno la kujivua gamba Watanzania wengi walilizoea kwenye siasa mwaka 2011, lakini nyoka halifanyi kwa maneno. Akiwa mzima gamba linatoka zima, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, likiwa limegeuzwa kama soksi. Likikatika vipande, hewa ni kavu. Kwetu hilo hutokea zaidi kati ya Juni na Oktoba, na hutokea zaidi kwenye vizimba vyenye balbu kali.

Dawa yake ni rahisi kuliko mafuta ya nazi ambayo watu wanayapaka. Chukua khanga kuukuu au gunia la katani, lilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, likamue, mtie nyoka ndani ya beseni lenye mfuniko wenye matundu pamoja na hilo khanga, mwache nusu saa. Atajisugua mwenyewe. Rudia kesho yake. Kagua ncha ya mkia: pete za gamba zikibaki hapo hukaza, damu haipiti, mkia unakufa.

Jicho ndilo lenye mtego. Nyoka hana kope. Ana kioo cha gamba juu ya jicho, nacho hutoka pamoja na gamba. Kikibaki, jicho linakuwa na mikunjo kama nailoni iliyokunjamana. Usikibandue kwa kibano wala kwa ukucha. Wanaokibandua huweza kuharibu jicho lenyewe. Subiri kujivua kunakofuata ukiwa umeongeza unyevu. Kisipotoka mara ya pili, nenda kwa daktari.

Ukungu mweupe ulio ndani kabisa ya mboni, laini, usiotoka hata baada ya kujivua vizuri, ni mtoto wa jicho. Huo ndio uzee. Nyoka huweza kuishi nao kwa miaka kwa sababu ananusa kwa ulimi, na chatu ana vitundu mdomoni vinavyohisi joto la windo. Ila usibadilishe mpangilio wa kizimba chake tena: beseni libaki palepale, maficho palepale. Na usiingize mkono ghafla, atadhani ni chakula.

Nyoka mzee pia hujivua mara chache zaidi, kwa kuwa hakui kwa kasi tena. Aliyekuwa anajivua mara sita kwa mwaka akifikia mara mbili, wala usishangae.

Anaachama, anatoa mapovu, anakoroma

Hii si ya kusubiri hata siku tatu. Nyoka hana misuli ya kiwambo kama yetu, ile inayotenga kifua na tumbo, na hawezi kukohoa makohozi yakatoka. Ute ukijaa kwenye pafu unakaa hukohuko. Ndiyo maana anainua kichwa na kuachama.

Kisababishi cha kawaida ni baridi iliyochanganyika na unyevu: kizimba kimelowa, usiku umepoa. Kinachofuata, kwa sisi wa ukanda huu, ni vumbi la salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho unaanguka katika miezi ileile ya baridi, na mashine ikipita shamba la jirani unaona ukungu wa njano unaingia hadi jikoni. Inayowasha koo la mtu mzima haiwezi kuwa hewa safi kwa nyoka. Siku za kupuliza funika kizimba kwa shuka lenye unyevu, funga madirisha ya upande wa shamba, badilisha maji ya kunywa jioni. Dawa ya mbu ya kupuliza na ya kuchoma nazo zisitumike chumba hicho.

Pandisha joto hadi nyuzi 31 au 32 mchana na usiku, kausha sakafu, na umwite daktari siku hiyohiyo. Sauti ndogo ya kuchuja hewa wakati wa kujivua, bila mapovu, ni gamba lililoziba pua. Hiyo huisha yenyewe.

Nyoka mzee mwenye moyo dhaifu naye huweza kuachama, na mara nyingine unaona uvimbe laini kwenye theluthi ya kwanza ya mwili, mahali moyo ulipo. Kwa macho huwezi kuutofautisha na ugonjwa wa pafu. Daktari.

Anatapika alichokula

Ameshikwa mapema mno baada ya kula, au windo lilikuwa kubwa, au kizimba kilipoa umeme ulipokatika usiku. Chunguza kwa mpangilio huo. Usimlishe tena kwa wiki mbili, halafu anza na windo nusu ya lile la kwanza. Akitapika mara ya pili, acha majaribio.

Mwili umekakamaa, hajiviringi, ana vinundu

Mshike polepole na upitishe vidole mgongoni kuanzia shingoni. Sehemu isiyopinda, pingili zilizoungana na kuwa kama fimbo, ni ugonjwa wa mifupa ya mgongo unaowapata nyoka wengi wakubwa kiumri. Mara nyingine mzizi wake ni maambukizi ya bakteria yaliyopita kwenye damu. Hautibiki ukaisha, ila daktari anaweza kupunguza maumivu. Kazi yako ni kushusha matawi yote chini, kuweka maji kwenye sahani pana isiyohitaji kupandwa, na kumpa windo jembamba.

Uvimbe mmoja mgumu: inaweza kuwa jipu (usaha wa nyoka ni mgumu, hautoki kwa kukamua, kwa hiyo usikamue), yai lililokwama, kinyesi kilichokauka, au saratani. Uvimbe wa saratani huongezeka kadiri nyoka anavyozeeka. Picha ya eksirei ndiyo inayoamua. Kwa kesi nzito hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndiyo ninayoitegemea, ingawa safari kutoka Mtwara ni ndefu na nyoka lazima asafiri na karatasi zake.

Kichwa kinatazama juu, anajipindua

Si uzee hata kidogo. Ni joto kali lililopita kiasi, sumu ya dawa ya wadudu, au ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo wa chatu. Mtenge na wengine, nawa mikono kabla hujagusa kizimba kingine, piga simu.

Hatikisiki: amekufa?

Taratibu hapa. Nyoka aliyepoa huweza kupumua mara chache mno hata usione, na kuna watu wamezika nyoka aliye hai.

Mpeleke kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30 kwa saa moja au mbili, asiwekwe juani. Kisha mlaze chali. Nyoka hai, hata mgonjwa, atajaribu kujigeuza. Asipojigeuza, tazama tumbo kwenye theluthi ya kwanza ya mwili kwa mwanga wa pembeni. Mapigo ya moyo huonekana kama mtetemo mdogo chini ya magamba. Gusa ulimi na ncha ya mkia. Bila jibu lolote, mwache mpaka kesho yake mahali penye kivuli. Ugumu wa mzoga, kisha kulegea, na harufu, vitakupa jibu ambalo halina ubishi.

Ikiwa ni nyoka mwenye sumu, fira au kifutu kwa mfano, usimguse kwa mkono hata akiwa amekufa. Kichwa huendelea kung'ata kwa muda baada ya kifo.

Nyoka anayekufa kwa uzee kwa kawaida hafanyi vurugu. Wiki za mwisho anaacha kutafuta upande wa joto, anajinyoosha badala ya kujikunja, ulimi unatoka mara chache. Akiwa hivyo na daktari amethibitisha kwamba hakuna la kutibu, mpe giza, utulivu na maji, wala usimlazimishe chakula kwa mrija. Akionekana kuteseka, daktari amdunge sindano ya kumlaza. Kumtia kwenye friza akiwa hai ni mateso. Kumkata kichwa kwa panga nako, kwa kuwa ubongo wa nyoka hustahimili kukosa hewa na huendelea kuhisi baada ya kichwa kutengana na mwili.

Baada ya kufa

Ukitaka kujua kilichomuua, usimgandishe. Mtie kwenye mfuko, weka juu ya barafu, na umfikishe kwenye maabara ya mifugo hapo Mtwara ndani ya siku moja. Kama una nyoka wengine, gharama hiyo ni ndogo.

Ngozi usiiuze na usimpe fundi viatu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma hai au mfu, na ngozi hiyo ni nyara ya serikali. Toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya, onyesha kibali chako, upate maandishi. Hata wenye vikundi vya ngoma wanaocheza na chatu wanahusika. "Tulimrithi kwa mzee wetu" si kibali.

Mzoga uzikwe kina cha goti au zaidi, mbali na kisima. Kizimba kioshwe kwa sabuni kwanza, halafu kwa dawa ya klorini, kipimo kimoja kwa tisa za maji, kisuuzwe na kuanikwa juani siku mbili. Mbao zilizooza zichomwe moto, kwa kuwa utitiri hutaga kwenye nyufa. Mikono inawe kwa sabuni, na watoto wadogo na mama mjamzito wasisaidie kazi hii: nyoka hubeba salmonela bila yeye mwenyewe kuumwa.

Ukurasa wa daftari uache palepale, na tarehe ya mwisho iandikwe.